Safari ya Wakati na Babu Aliyefufuka



Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilivuka mto Ruvu, na 1907 ikafika Morogoro. Mwaka huohuo wa 1905 vita vya Maji Maji vililipuka, na Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, akawa miongoni mwa walioingia vitani. Mwaka huohuo tena, mjini Bern, mtumishi kijana wa ofisi ya hataza, Albert Einstein, alichapisha nadharia inayosema kwamba saa iliyo mwendoni huchelewa ikilinganishwa na iliyotulia. Sidai kuwa kuna siri katika mambo hayo kuangukia mwaka mmoja. Lakini yote yanagusa swali langu la leo: je, mwanadamu aweza kusafiri katika wakati? Na akisafiri, anakwenda kumtafuta nani?

Kwenda mbele kunawezekana. Chukua treni ya umeme inayopita hapa Ruvu tangu 2024. Ikikimbia kilomita 160 kwa saa, na tukiacha mwinuko kando, abiria akishuka baada ya saa moja atakuwa amezeeka pungufu kidogo kuliko ndugu yake aliyembakiza stesheni. Igawe sekunde moja vipande trilioni moja: tofauti yao ni vipande kama 40. Mwinuko nao una nguvu zake. Kwenye vilele vya Uluguru, milima inayotupatia maji ya mto Ruvu, saa hutangulia ya pwani kwa takribani sehemu 24 kati ya bilioni moja za sekunde kila siku. Haya si makisio matupu. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria, na tofauti zikaonekana. Setilaiti zinazomwongoza dereva wa bodaboda kwa simu yake husahihishiwa saa zake kwa sababu hiyohiyo. Zisingesahihishwa, ramani ingepotoka kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja.

Kurudi nyuma ndiko kugumu. Mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu ambao njia zake hurudi zilikotoka, ingawa ulimwengu wetu haufanani na huo. Wanafalsafa wa Magharibi hushikilia kitendawili chao maarufu: mjukuu arudi nyuma amuue babu yake kabla hajaoa, je, mjukuu huyo atazaliwa na nani? Vitabu na filamu nyingi zimejengwa juu ya hofu hiyo.

Sasa mtazame Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba. Katika riwaya yake *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001, babu ndiye anayesafiri. Anamjia K, mjukuu aliyelewa madaraka, kumdai hesabu ya maisha yake. Kwangu mimi hapa ndipo fasihi yetu inapopiga hatua kubwa kuliko mashine ya wakati katika riwaya ya H. G. Wells ya 1895. Msafiri wa Wells anakwenda kutazama, na anaweza kurudi nyumbani akaketi mezani. K hana pa kukimbilia, maana anayemhoji ni mtu wa damu yake.

Babu huyo anatoka zamani; na wakati ujao je? Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika wakati umegawanyika kuwa Sasa na Zamani, na kwamba siku za mbali zijazo karibu hazipo. Namheshimu sana, lakini sikubaliani naye. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya *Kinjeketile*, kuhusu vita vya Maji Maji. Mwishoni mhusika mkuu, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji ya dawa yalikuwa uongo, kwa kuwa anawafikiria watoto na wajukuu watakaosimuliwa vita vile. Na nenda Kisarawe umwone mzee apandaye mnazi, akijua utakaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Asiye na wakati ujao hapandi mnazi.