Somo la Leo: Njia ya Anza

Leo tutafuata safari ya watu wa zamani huko California, upande wa magharibi wa Marekani.

Mfalme wa Hispania alitaka raia wake wakae kwenye ghuba ya San Francisco kabla mataifa mengine hayajaichukua. Basi mwezi wa Oktoba 1775, ofisa wa jeshi aitwaye Juan Bautista de Anza aliondoka mji wa Tubac na watu wapatao 240. Msidhani lilikuwa jeshi tupu. Wengi walikuwa wake wa askari na watoto wao, na baadhi yao walikuwa na asili ya Afrika. Usiku wa kwanza tu, mama mmoja alifariki kwa uzazi. Wenzake walimzika, wakaendelea kuvuka jangwa.

Walifika Monterey Machi 1776. Anza aliziacha jamaa zile zipumzike, akaenda na watu wachache kuitazama ghuba. Pamoja naye alikuwa Padre Pedro Font. Padre huyu aliugua mara nyingi njiani, lakini hakuacha kuandika habari za safari siku kwa siku: wamepita wapi, wameona nini.

Kwa ajili ya maandishi yake na ya Anza, njia ile inajulikana hata leo. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa njia ya kumbukumbu, yenye urefu wa kilometa 1,900 hivi. Sehemu zake zimo katika bustani za umma, na mtu aweza kuzitembea kwa miguu. Mojawapo iko kwenye vilima vya Carquinez. Chini yake maji mengi hupita kati ya milima. Padre Font aliyaonja maji ya huko juu, akayakuta hayana chumvi tena yametulia, akaandika kwamba huo si mto. Alikosea! Mito miwili mikubwa, Sacramento na San Joaquin, huteremkia hapo.

Lakini vilima vile havikuwa vitupu. Jina Carquinez limetokana na Wakarkin, wenyeji wa pale. Mwanzoni mwa Aprili 1776 waliwapokea wageni kwa nyimbo na ngoma, wakawapa chakula. Wageni wakawapa shanga. Haikupita miaka 40, vijiji vile vikawa mahame. Watu walikuwa wamepelekwa kukaa kwenye misheni za Wahispania, na wengi waliuawa na maradhi. Wajukuu wa wenyeji wa ghuba ile wapo hata sasa.

Habari za ngoma ile tunazo kwa mkono wa padre. Wale waliocheza hawakuandika.

Sasa fungueni madaftari. Jifanye wewe ni mwenyeji wa kijiji kile, nawe umewaona wageni wakija na farasi. Andika sentensi tatu, kisha msomee jirani yako.