Hotuba ya Mama Mwenyekiti: Habari ya Fidia



Hesabu za hisa mmeshaziona ubaoni, sitazirudia. Mimi nitasema habari ya fidia, maana kikundi hiki kilianzia hapo.

Ile njia ya umeme wa kilovolti 400, kilometa 670 toka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, ilipopita kwetu, nyumba zilizokuwa ndani ya mkuza zilitakiwa kuhama. Mthamini akaja, akahesabu vyumba, miembe na mashamba. Akauliza, mwenye mali nani? Akina baba wakasogea, wakapigwa picha. Sisi tulikuwa jikoni tunawapikia wageni ugali! Shamba la alizeti nililolima miaka 17, kwenye fomu jina langu halimo.

Hela zilipotoka wapo waliojenga, tuseme ukweli. Lakini mwenzetu mmoja alisikia tu mzee wake kanunua pikipiki mjini, na yeye na watoto wamelala kwa wifi yake masika yote. Tukamchangia mabati, shilingi 2,000 kila mmoja. Kile kidaftari cha michango ndicho kitabu cha kwanza cha kikundi.

Baadaye katibu wetu akatusomea sheria. Kumbe Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Kanuni za 2001 zinataja posho ya usumbufu, usafiri, hata pango la miezi 36 kwa aliyepoteza nyumba. Mimi wa darasa la saba nilidhani fidia ni bei ya matofali tu.

Sasa ombi. Wanakikundi 11 wana hati za kimila zenye majina mawili, mke na mume. Mzee wangu alisaini pia, ingawa alifikiri miezi miwili! Wenzetu 19 bado. Tunaomba kikao chao kifanyike kabla ya kilimo kuanza. Nakala za fomu zote zimo kwenye sanduku la funguo tatu, Mgeni Rasmi akipenda atafunguliwa.