Dawa za Kupunguza Unene: Uliza Kabla ya Kuanza

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tutaongea juu ya swali ambalo akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini, mlango wa kliniki ukishafungwa: "Sista, nimejaribu kila kitu na huu mwili haupungui. Je, nianze dawa?"

Mama, ikiwa swali hilo ni lako, kwanza usione haya. Najua umetoka mbali. Uliacha sukari kwenye chai. Uliacha chapati na mandazi. Ulilala bila chakula cha jioni huku ukiwapakulia wengine. Ukatembea kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Kilo 5 au 6 zikaondoka, ukafurahi. Baada ya miezi michache zikarudi, tena na nyingine juu yake. Sasa magoti yanauma, ukipanda ngazi unahema, na kwenye kliniki umeambiwa presha imepanda. Jirani anasema wewe ni mvivu. Shangazi anasema unene ni dalili ya kutunzwa vizuri. Wote wawili hawajakusaidia.

Wala hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Kenya mwanamke 1 kati ya 3 alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 49, walikuwa 45 katika kila 100.

Kwa nini kilo hurudi? Mwili hauna habari kwamba unataka kuvaa nguo yako ya zamani. Ukipungua, mwili hudhani kuna njaa. Homoni za njaa hupanda, zile za kukuambia umeshiba hushuka, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko awali. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huhesabu unene wa kupindukia kuwa ugonjwa wa muda mrefu, kama vile presha na kisukari. Hatumwambii mgonjwa wa presha ajikaze tu ipone. Kwa hivyo kutumia dawa ya unene si aibu wala si uvivu. Lakini pia si jambo la kuamua sokoni au kwenye mkutano wa chama.

Tuanze na swali la kwanza: je, dawa hizi ni zako?

Kuna kipimo kinachoitwa BMI. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Tuseme mama ana kilo 92 na urefu wa mita 1.60. Tukigawanya mara mbili tunapata karibu 36. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa kawaida daktari hufikiria dawa mtu anapofika 30 na kuendelea, au 27 na kuendelea ikiwa ana ugonjwa unaoletwa na uzito, kama presha au kisukari. Mtu anayetaka kupunguza kilo 4 kabla ya harusi ya dada yake hahitaji dawa hizi.

Swali la pili: je, kuna kitu kingine kinachokunenepesha?

Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya akina mama. Vivyo hivyo insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, dawa za steroidi, na baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya ukimwi. Tezi ya shingoni isipofanya kazi vizuri, uzito pia hupanda. Tafadhali nisikilize vizuri hapa: usiache dawa yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wako. Zipeleke zote kliniki katika mfuko mmoja, uulize, "Je, kuna moja hapa inayoniongezea uzito, na inaweza kubadilishwa?" Pengine jibu la shida yako liko ndani ya mfuko huo.

Swali la tatu: ni dawa gani, na inafanya kazi vipi?

Ipo ya kumeza inayoitwa orlistati, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Xenical. Humezwa pamoja na chakula. Huzuia karibu theluthi moja ya mafuta uliyokula yasiingie mwilini. Mafuta hayo hutoka kwa choo. Ukila vyakula vya kukaanga sana, choo huwa cha mafuta na huja ghafla, hata ukiwa ndani ya matatu. Kupungua kwake ni kwa kiasi.

Nyingine ni sindano za mara moja kwa wiki. Semaglutaidi huuzwa kwa majina ya Ozempic, ambayo ni ya kisukari, na Wegovy, ambayo ni ya uzito. Tizepataidi huuzwa kwa jina la Mounjaro. Sindano hizi huiga homoni inayotoka kwenye utumbo baada ya kula. Huuambia ubongo kwamba umeshiba, na hufanya chakula kikae tumboni kwa muda zaidi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, watu waliotumia semaglutaidi kwa wiki 68, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani wa kilo 15 katika kila kilo 100. Yule mama wetu wa kilo 92 angepungua karibu kilo 14. Lakini huo ni wastani. Wengine hupungua zaidi, wengine kidogo sana.

Huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole kwa miezi kadhaa. Usiruke hatua ili upungue haraka. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo ni vya kawaida, hasa dozi inapopandishwa. Kula kidogo kidogo, punguza mafuta, kunywa maji, acha kula unapohisi kushiba. Kwa kuwa unakula kidogo, hakikisha sahani ina maharagwe, ndengu, mayai, omena au samaki, ili misuli isiishe pamoja na mafuta. Na endelea kutembea, angalau dakika 30 kwa siku 5 za wiki.

Swali la nne: nani asitumie?

Mama mjamzito asitumie. Anayenyonyesha asianze bila kuongea na daktari. Kwa kawaida tunamshauri asubiri. Unayepanga kupata mimba, semaglutaidi iachwe angalau miezi 2 kabla. Na tahadhari: mama aliyekuwa hashiki mimba kwa sababu ya uzito anaweza kuishika akipungua. Tena, tizepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Tumia kondomu pia kwa wiki 4 baada ya kuanza, na wiki 4 kila dozi inapopandishwa, au ongea na muuguzi kuhusu njia nyingine.

Mwambie daktari ikiwa umewahi kuugua kongosho, ikiwa una mawe kwenye kifuko cha nyongo, au ikiwa kwenu kuna mtu aliyepata saratani ya tezi ya shingoni. Ukitumia insulini au vidonge vya kisukari, dozi zake huenda zikahitaji kupunguzwa, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla ukaanza kutetemeka na kutoka jasho. Na ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa kukulaza usingizi kwamba unachoma sindano hii.

Sasa tufike kwenye swali la tano, ambalo akina mama wengi husahau. Wengi huuliza, "Nitapungua kilo ngapi?" Swali kubwa zaidi ni hili: "Nitaitumia mpaka lini, na nikiacha itakuwaje?"

Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Watu wa utafiti ule niliowatajia walipoacha sindano, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Yule mama wetu aliyepungua kilo 14 angerudisha kilo 9 hivi. Si kwa sababu alizembea. Dawa ya presha hufanya kazi siku unazoimeza, na hii pia ni hivyo. Mwezi wa Desemba 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia sindano hizi kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia, isipokuwa wajawazito. Mwongozo huo unazungumzia matibabu ya muda mrefu yanayoandamana na ushauri wa chakula na mazoezi.

Kwa hivyo, kabla ya sindano ya kwanza, chukua kalamu. Uliza bei ya mwezi mmoja, tena bei ya dozi kubwa utakayofikia, si ile ndogo ya kuanzia pekee. Izidishe mara 12. Ongeza nauli ya kliniki na gharama za vipimo. Uliza kama bima yako inalipa, na upate jibu kabla ya kuanza, si baada. Kisha jiulize pesa hiyo itatoka wapi mwaka huu na mwaka ujao. Ikiwa itatoka kwenye karo ya watoto, au itakufanya ukose dawa ya presha, basi usianze sasa. Kuahirisha si kushindwa. Kupungua kilo 5 tu katika kila kilo 100, na kutorudisha kilo hizo, husaidia kushusha presha na sukari. Kwa mama wa kilo 92 hizo ni kilo 4 na nusu hivi. Kliniki itakusaidia kwa njia hiyo bila sindano.

Swali la sita: utanunua wapi?

Dawa hizi hutolewa kwa maagizo ya daktari, katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zilifika huko, zinaweza kufika popote. Sindano ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Ile inayoletwa na boda boda ndani ya karatasi, huku muuzaji ukimjua kwa namba ya simu tu, usiichome. Usigawane sindano na rafiki, hata mkibadilisha ncha.

Na zile chai na vidonge vya miti shamba vinavyoahidi kilo 10 kwa wiki mbili? Kulikuwa na dawa iliyoitwa sibutramini. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilionekana kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu wakati huo, wakaguzi katika nchi mbalimbali wameikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zilizoandikwa kuwa za asili tu. Ukinywa kitu kama hicho na una presha, unauchezea moyo wako.

Nawe unayemtunza mama, dada au mke anayetumia dawa hii, usimlazimishe amalize sahani, na usimcheke akila kidogo. Jua dalili za hatari: maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hasa yanayopenya hadi mgongoni, kutapika kusikokoma hadi hawezi kunywa maji, kukojoa kidogo sana, macho kuwa ya manjano, au uvimbe shingoni. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Na sindano ya mtu mzima usimchome mtoto mnene. Mtoto apelekwe kliniki apimwe.

Kwa kifupi, wapenzi wasikilizaji, nendeni kliniki mkiwa na maswali haya sita. Je, dawa hii ni yangu? Kuna kitu kingine kinachoninenepesha? Inafanya kazi vipi na madhara yake ni yapi? Kuna sababu ya mimi kutoitumia? Nitaitumia mpaka lini na nitalipaje? Nitainunua wapi? Ongeza na hili: nani atanipima kila mwezi? Daktari akikuandikia dawa bila kukupa tarehe ya kurudi, usiondoke bado. Kuuliza si ujinga.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, upimwe uzito, urefu, presha na sukari. Andika majibu kwenye daftari lako. Hapo ndipo mazungumzo yako na daktari yataanzia, uwe utatumia dawa au hutatumia.