NUSU KILO KATIKA GUNIA

(Maneno ya Katibu kwa wanachama wanaolima soya, mkutano wa ghalani. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo nitasema juu ya makato. Naona wengine wameanza kukunja uso! Siwalaumu. Tumewahi kukatwa fedha tukaambiwa ni za kuendeleza zao, na hadi leo hakuna aliyetuonyesha hata mche mmoja uliotokana nazo. Kwa hiyo nisikilizeni kwanza, kisha mnikatalie mkitaka.

Wakulima wa soya wa Marekani nao hukatwa. Sheria ilipitishwa mwaka 1990, makato yakaanza mwaka 1991. Mkulima akiuza, hutolewa nusu ya asilimia moja ya bei. Kwa hesabu ya mizani yetu hapa: ukileta gunia la kilo 100, inakatwa bei ya nusu kilo. Basi. Na hiyo nayo hugawanywa, nusu hubaki jimboni, nusu huenda bodi ya nchi nzima. Wanaokaa kwenye bodi hiyo ni wakulima wenyewe. Majina hutoka majimboni, Waziri wa Kilimo huteua. Sehemu ya fedha hutafutia soko, sehemu hulipia utafiti.

Je, wote walikubali? Hata! Walipopiga kura mwaka 1994, waliosema ndiyo walizidi nusu kwa kidogo tu. Na kila baada ya miaka 5 hupewa nafasi ya kudai kura nyingine. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuwasikiliza.

Sasa tuone nusu kilo hiyo ilinunua nini. Chukueni kutu ya soya, ule ugonjwa wa vidoa vya rangi ya udongo chini ya jani, jani linageuka njano na kupukutika ganda halijajaa. Uganda ilionekana mwaka 1996, Zimbabwe 1998. Vumbi lake huchukuliwa na upepo, halina pasi wala mpaka. Novemba 2004 ikaonekana Marekani, jimbo la Louisiana. Watu wakashikwa na hofu, kila mmoja akiwaza kununua dawa kwa msimu unaofuata.

Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 2005, kwa fedha za serikali pamoja na hizo za wakulima, vilipandwa vishamba vidogo vya ulinzi, mapema kuliko mashamba ya kawaida, kuanzia kusini ugonjwa ulikokuwa mpaka kaskazini. Watu waliingia humo mara kwa mara, wakachuma majani, wakayatazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Walichokiona kikatangazwa kwa wote. Msimu ule kutu ilibaki majimbo ya kusini. Wakulima wa Iowa na Illinois, wenye soya nyingi kuliko wote, hawakuwa na haja ya kuinyunyizia dawa.

Nauliza, ndugu zangu: nani mwingine angelipia habari ya namna hiyo? Mwenye duka la dawa? Yeye hula kwa chupa iliyouzwa. Habari ya "usinyunyize" haina muuzaji. Mwenye faida nayo ni mkulima peke yake, basi sharti mkono wake uwemo katika kuilipia.

Kuna na minyoo ya mizizi, midogo mno. Kule iligunduliwa mwaka 1954, North Carolina. Jike hufura kama kichwa cha pini, tumbo lina mayai mamia, nayo hukaa udongoni miaka mingi. Shamba unaliona kijani, zuri kabisa, kumbe mavuno yamepungua hata asilimia 30. Mbegu zenye kinga zilikuwapo, lakini karibu zote zilichota kinga kwa soya ya asili moja, minyoo ikaizoea. Sasa fedha za wakulima hulipia kutafuta kinga nyingine, na baadhi ya majimbo hulipia hata kupima udongo wa mwanachama. Tena humkumbusha ageuze mazao, apande mahindi, kwa sababu minyoo hiyo haiishi kwenye mahindi.

Sisemi tuwe Wamarekani. Naomba kishamba kimoja tu, robo ekari kando ya ghala hili. Tupande mapema aina tatu za mbegu, tugeuze majani kila Jumatatu, tuandike tulichokiona. Bwana Shamba amekubali kutufundisha kuitambua kutu. Kitabu cha fedha hizo kiwe cha peke yake, na hesabu ibandikwe hapa ubaoni kila mwezi. Msimu ukipita hamjaona kitu ubaoni, njooni mdai nusu kilo zenu, nianzeni mimi.

Kura itapigwa Jumamosi baada ya kupima soya. Asiyelima soya hapigi, hata akiwa mjumbe wa kamati.