Kutia Kivuli kwa Uzi Mweusi
(Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka)



Niliombwa nieleze kwa nini mimi, mtu wa kalamu na daftari, nilijiandikisha katika darasa la kutarizi. Najua baadhi yenu mwauliza kama ni halali fedha za chama kupotelea katika nyuzi. Nawasihi mnisikilize kwanza.

Kazi tuliyofundishwa ni ya uzi mweusi mtupu juu ya kitambaa cheupe. Ilisitawi sana Uingereza katika karne ya 16. Mchoraji Hans Holbein, aliyemchora Mfalme Henry wa Nane, aliionyesha katika kola na ncha za mikono ya nguo kwa uangalifu hata mshono wake mmoja ukaitwa kwa jina lake. Mshono huo huenda ukiacha nafasi, kisha hurudi ukizijaza.

Kivuli hakitokani na rangi, maana rangi ni moja. Penye giza hutiwa uzi mnene na mishono iliyosongamana. Penye nuru uzi huwa mwembamba, kisha mishono hupunguzwa mmoja mmoja hata weupe wa nguo ubaki peke yake. Yote hufanywa kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa.

Mimi nilitarizi mbuyu, kama ile ya Kibwezi. Kwa kiburi cha mwanafunzi nikausonga wote, na baada ya majuma matatu nikawa na doa la wino. Mama yangu, ambaye hakupata kusoma lakini amesuka vyondo kwa katani na kwa nyuzi za gome la mbuyu huo huo, aliutazama akauliza, "Jua liko upande gani?" Kisha akaonyesha kwa kidole mahali pa kufumua. Alihesabu nyuzi upesi kuliko mimi. Nilifumua siku mbili, wala sikufurahi.

Wazee wetu, nilikusudia kuomba mwalimu kutoka Nairobi. Sasa naomba darasa lisifungwe, na wasukaji wawili wa vyondo, mmoja wa Kitui na mmoja wa Makueni, walipwe posho wawafundishe wasichana kuhesabu. Tena tununue kitambaa ambacho nyuzi zake zaonekana. Ile marekani tuliyoinunua kwa urahisi wa bei iliwaumiza macho, ndipo wengine wakaacha kuja. Kosa hilo lilikuwa langu, si lao. Uzi uliosalia umo katika kabati la ofisi.