Herufi Nne Chini ya Birika

Wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, natumaini mmekwisha kaa karibu na redio, na mwalimu wenu ameshika chaki. Leo nitazungumza nanyi juu ya watu wanaokusanya vyombo vya mezani vya zamani, yaani mabirika, masinia, vijiko na vinara, vinavyong'aa kama fedha. Nasema fedha ile ya masonara, si pesa za mfukoni, ingawa pesa nazo zitaingia katika hadithi.

Miaka mingi iliyopita nilinunua birika la chai mnadani, mjini Mombasa. Muuzaji aliniapia kwamba ni fedha tupu, nami nikalipa mshahara wa mwezi mzima. Kwa furaha nikalipeleka kwa sonara mmoja mzee anipimie. Hakulipima. Aliligeuza, akanionyesha herufi nne zilizogongwa kwenye kitako, akauliza, "Bwana, hizi hukuziona?" Nilikuwa nimeziona. Nilidhani ni jina la fundi.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: E, P, N, S. Herufi mbili za kwanza zasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuchovya kwa umeme. Mbili za mwisho ni jina la madini ya ndani, "fedha ya nikeli". Jina hilo ladanganya! Ndani hamna fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Fedha ni ngozi ya juu tu.

Ufundi huo uliletwa sokoni na akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, waliopewa haki ya uvumbuzi mwaka 1840. Chombo hutundikwa ndani ya maji yenye sumu kali, na bamba la fedha hutundikwa upande wa pili. Umeme ukipita, fedha huhama kidogo kidogo na kuganda juu ya chombo.

Lakini wakusanyaji hasa hutafuta vyombo vya kabla ya hapo, vya mji wa Sheffield. Yasemekana kwamba karibu na mwaka 1743 fundi wa visu, Thomas Boulsover, alikuwa akitengeneza mpini wa kisu, akaona kwamba fedha na shaba zikipashwa moto pamoja hushikana. Basi mafundi wakaweka bamba la fedha juu ya kipande kinene cha shaba, wakavishikanisha kwa moto, kisha wakavipitisha katika magurudumu mazito mpaka vikawa bamba moja jembamba. Taabu ilikuwa ukingoni: bamba likikatwa, wekundu wa shaba huonekana. Wakauficha kwa uzi wa fedha. Ndiyo maana mkusanyaji hupitisha ukucha chini ya ukingo wa sinia. Ukucha ukikwama kidogo, moyo humdunda. Tena hupuliza pumzi katikati, mahali pa nembo ya mwenye mali, maana baadhi ya mafundi walitia hapo kipande cha fedha tupu, na mvuke wa pumzi huonyesha mzunguko wake.

Je, fedha tupu ya Uingereza yajulikanaje? Tafuteni alama ya simba anayetembea. Maana yake, katika sehemu 1,000 za chombo, 925 ni fedha. Lakini angalieni sana, kwa kuwa watengenezaji wengine wa vyombo vya kuchovya waligonga alama zao katika vijumba vidogo vidogo, kusudi zifanane na zile za fedha tupu.

Narudi kwa birika langu. Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu: nililisugua kwa majivu na mchanga, kama sufuria. Baada ya miezi michache umanjano ulitokeza tumboni. Maji ya moto, sabuni na kitambaa laini vyatosha. Weusi huletwa na salfa, iliyomo katika mayai na katika mpira, kwa hiyo msifunge vijiko hivyo kwa mpira. Birika la namna yangu laweza kuchovywa tena. Kile cha Sheffield, hata wekundu ukitokeza, wakusanyaji hukiacha vivyo hivyo, kwa sababu fedha mpya hufunika kazi ya fundi wa kwanza, na bei hushuka.

Sasa mwalimu atawapitishia vijiko viwili. Vigeuzeni, msome kilichoandikwa nyuma, mkiandike daftarini. Kwaherini mpaka juma lijalo.