Mcheza Kwao Hutunzwa

(Hotuba iliyotolewa Lupaso mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuinua sifa ya klabu yetu ya michezo na kujenga umoja miongoni mwa wachezaji. Sikukubali kwa sababu ya ujuzi. Nimekubali kwa kuwa niliwahi kushiriki kuiharibu klabu, na mwenye kosa ana la kufundisha.

Ndugu zangu, sisi wa Lupaso tuna sababu ya kuuheshimu mpira. Mzee wetu Benjamin William Mkapa alizaliwa hapa mwaka 1938, akazikwa hapa Julai 2020. Mwezi huo huo uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, wenye kuchukua watu 60,000, ukapewa jina lake. Jina la mtoto wa kijiji hiki linatajwa kila timu zetu kubwa zinapokutana pale. Je, sisi wenyewe tunatajwaje viwanjani?

Mifano ipo karibu. Ndanda FC, iliyobeba jina la Ndanda yetu ya Masasi, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikadumu misimu sita, ikashuka mwaka 2020. Katika msimu ule ule wa 2019/20 majirani zetu wa Ruangwa, kwa timu yao ya Namungo, walikuwa wanaonja Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Wakafika fainali ya kombe la shirikisho la nchi, wakafungwa na Simba mabao 2 kwa 1, kisha msimu uliofuata wakacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Wapo watakaosema kuwa Ruangwa walikuwa na mlezi mkubwa, Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu. Ni kweli, na fedha ina kazi yake. Lakini naomba niwaeleze jinsi fedha ilivyotuangusha sisi siku tulipokuwa nayo.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mweka hazina wa klabu moja, ambayo jina lake nalihifadhi. Ulikuwa msimu wa korosho, malipo ya wakulima yametoka, na wapenzi wakachanga vizuri. Tulikuwa tumefika fainali ya kombe la mbuzi. Kamati ikaamua kuleta mamluki wanne kutoka mjini. Fungu jingine likaenda kwa ile iitwayo kamati ya ufundi, nanyi mnajua kwamba ufundi wenyewe haukuwa wa mpira. Hati zote nilitia sahihi mimi. Vijana wanne waliotufikisha fainali tukawaweka benchi bila hata kuwaambia sababu.

Wakati wa mapumziko mamluki walidai wamaliziwe fedha yao ndipo warudi uwanjani. Fedha ilikuwa imekwisha. Nikawaendea vijana wetu nikawaomba waingie. Mmoja alikuwa amekwisha vua viatu. Akanijibu kwa adabu: "Kaka, njumu hizi niliazima, na mwenyewe anazitaka." Nilijua hakuna aliyezitaka. Wenzake watatu nao wakainama, wakaanza kufungua kamba. Kipindi cha pili tulicheza tukiwa watu saba, tukafungwa mabao matano. Mwaka uliofuata wazazi wengi wakawakataza watoto wao kujiunga nasi.

Klabu ile ilifufuliwa na vijana wale wale. Palipotokea msiba kijijini, walifika na majembe, wamevaa jezi zao zilizopauka, wakachimba kaburi tangu alfajiri. Wakafanya hivyo msiba wa pili, na wa tatu. Wazee waliokuwa wakiwaita wahuni wakaanza kuwaita watoto wetu. Kuanzia hapo hata mchango wa jezi ulipatikana bila kusukumana.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza, mapato na matumizi ya klabu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu moja. La pili, mchezaji anapowekwa benchi aelezwe sababu ana kwa ana kabla ya mchezo. La tatu linatuhusu sisi tuliotoka mbali. Nimesikia kuna mpango wa kuchanga ili tulete wachezaji wa kukodi kwa mashindano yajayo. Najua waliopendekeza wanaipenda klabu, kama nilivyoipenda mimi. Hata hivyo nasimama kuupinga. Fedha hiyo inunue mipira, wavu wa magoli na njumu, ili kijana wa hapa asilazimike kuazima.

Nanyi wanafunzi, mkituona tunarudia kosa hili, tuulizeni mbele ya mkutano. Msingoje mapumziko ndipo mvue viatu.

Tukifungwa na watoto wetu uwanjani, tutarudi nyumbani pamoja nao. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi tuwatunze.